Nimekosa, Nisamehe: Nafsi ya Mkosaji na Ujasiri wa Sala ya Toba

Utangulizi

Sala ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi wameupa kisogo kwa muda mrefu. Ngano, visasili, nyimbo, methali na vitendawili vimepata nafasi katika mihadhara na tasnifu zetu. Sala, ambayo hutamkwa alfajiri na usiku na watu wasiohesabika, imeachiwa wanatheolojia. Ilhali sala ina kila sifa ambayo mhakiki huitafuta katika matini: ina msemaji na msemezwa, ina toni, ina muundo, ina mbinu za kushawishi, na aghalabu ina mgogoro. Makala haya yanachunguza aina moja tu ya sala katika mapokeo ya Kikristo, nayo ni sala ya mtu anayejua kwamba amekosa na ambaye hata hivyo anathubutu kuomba. Swali linalotuongoza ni hili: je, mkosaji huupata wapi ujasiri wa kusema mbele za Mungu, na matini zenyewe zinauonyesha vipi ujasiri huo?

Swali hili limejibiwa kwa njia mbili zinazopingana. Jibu la kwanza ni la wale walioathiriwa na uhakiki wa kijamii wa miaka ya 1970 na 1980. Kwao, toba ni usemi wa kujidunisha. Humfunza mnyonge kuinamisha kichwa, na kwa hivyo haiwezi kuwa na ujasiri wowote isipokuwa ule wa mtumwa anayembembeleza bwana wake. Jibu la pili husikika mimbarini. Linasema kwamba mwamini aombe kwa ujasiri kwa sababu yaliyopita yamefutika. Asiyakumbuke wala asiyataje. Majibu haya mawili yanatofautiana kwa mengi, lakini yana msingi mmoja. Yote mawili yanachukulia kwamba ujasiri na kumbukumbu ya kosa ni maadui, na kwamba mmoja akiingia mlangoni sharti mwingine atoke.

Makala haya yanaukana msingi huo. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika matini zilizo bora za toba, kosa halitangulii ujasiri kama kizuizi kinachopaswa kuondolewa kwanza. Kosa lenyewe ndilo ambalo ujasiri hulisema. Suala hili lina uzito nje ya kuta za semina pia, kwa kuwa wapo watu walioacha kusali, si kwa sababu hawaamini tena, bali kwa sababu wanajijua.

Ujasiri kama kusema yote

Neno ujasiri ndilo lililochaguliwa na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 katika Waraka kwa Waebrania 4:16, pale wasomaji wanapohimizwa kukikaribia kiti cha neema. Uteuzi huu una faida na una hatari. Jasiri katika Kiswahili ni mtu shupavu asiyeogopa. Lakini pia, katika baadhi ya miktadha, ni mtu mkavu wa macho asiyejali. Tuna methali isemayo kwamba jasiri haachi asili, nayo hutumiwa kueleza kuwa mtu hatupi kwa urahisi tabia aliyozaliwa au aliyokulia nayo. Ikiwa asili yenyewe ni udhalimu, basi ujasiri wa namna hiyo mbele za Mungu utakuwa ukaidi mtupu. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza ni ujasiri upi unaokusudiwa.

Neno la Kiyunani lililo nyuma ya tafsiri hiyo ni parrhesia. Ndilo linalotumika pia katika Waebrania 10:19 na 10:35, na katika Waraka wa Kwanza wa Yohana 3:21 na 5:14. Limeundwa kwa maneno mawili yanayomaanisha yote na usemi. Parrhesia ni kusema yote. Katika Athens ya karne ya tano na ya nne kabla ya Kristo, neno hili lilihusishwa na raia huru, mtu ambaye angeweza kusimama na kunena bila kuficha wala kujikunyata. Mtumwa hakuwa na haki hiyo. Kwa Kiswahili tungesema kwamba parrhesia ni usemi wa kiungwana, tukikumbuka kwamba katika jamii ya pwani uungwana ulimaanisha kwanza hali ya mtu kutokuwa mtumwa, ndipo ukaja kumaanisha pia adabu na tabia njema.

Tamthilia ya Euripides iitwayo Hippolytus, iliyoigizwa mwaka 428 kabla ya Kristo, inatuonyesha jinsi kosa lilivyohusiana na haki hiyo. Phaedra, aliyeshikwa na mapenzi yasiyostahili, anawatakia wanawe waishi Athens kama watu huru wenye parrhesia. Kisha anaeleza hofu yake: mtu anayejua uovu wa mama yake au wa baba yake hugeuka mtumwa, hata kama moyo wake ni wa kishujaa. Hapa pana fikra nzito. Ujuzi wa doa, hata doa la mzazi, hunyang'anya mtu ulimi wake. Si lazima pawe na mshtaki. Kujua kwenyewe kunatosha. Methali yetu ya muungwana akivuliwa nguo huchutama inazungumzia jambo la karibu na hilo. Aliyefichuliwa hujikunja, hutafuta kujisitiri, na hana nafasi ya kusimama na kusema.

Tukiisoma Waebrania 4:16 tukiwa na Phaedra mawazoni, tunaona jinsi mwandishi wa waraka huo alivyogeuza mambo. Aya inayotangulia haisemi kwamba wasomaji ni safi. Inazungumza juu ya udhaifu wao, na juu ya kuhani mkuu anayeweza kuchukuliana nao katika udhaifu huo kwa kuwa alijaribiwa kama wao pasipo kutenda dhambi. Haki ya kusema yote, ambayo Athens iliifungamanisha na usafi wa nasaba na uraia, hapa inakabidhiwa watu wenye doa, tena wakiwa na doa lao. Msingi wake umehamishwa kutoka kwa msemaji na kuwekwa kwa msemezwa na kwa yule anayesimama kati yao. Tutarejea jambo hili.

Waliosema nimekosa

Ikiwa ujasiri ni kusema yote, basi ungamo ni sehemu yake ya kwanza. Hata hivyo, Biblia ina wahusika kadhaa wanaosema wamekosa, na si wote wanaosema hivyo ndio wanaosali. Tutazame wanne.

Farao anasema amekosa katika Kutoka 9:27, mvua ya mawe inapoiharibu nchi, na anarudia katika 10:16 nzige wanapofika. Maneno yake hayana kasoro. Anakiri hata kwamba Bwana ni mwenye haki. Lakini mara zote mbili anawaagiza Musa na Haruni wamwombee. Yeye mwenyewe hamsemeshi Mungu hata kwa neno moja. Mvua ikikoma, ungamo nalo linakoma. Sauli, katika 1 Samweli 15, anaungama mara mbili mbele ya nabii Samweli. Mara ya kwanza anaongeza kwamba aliwaogopa watu. Mara ya pili anaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Mhakiki makini atakitambua pia kiwakilishi kidogo kinachojirudia kinywani mwake: Sauli anamwambia Samweli habari za Bwana, Mungu wako. Kimilikishi hicho kinafichua umbali ambao ungamo lake linajaribu kuuficha.

Mfano wa tatu ni Daudi katika 2 Samweli 12. Nathani amemsimulia hadithi ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee, na mfalme amejihukumu mwenyewe bila kujua. Jibu lake katika Kiebrania ni maneno mawili tu: tamko la kukosa, na jina la aliyekosewa. Kitenzi ni kilekile alichotumia Farao na kilekile alichotumia Sauli. Hakuna kisingizio, hakuna ombi la heshima, hakuna anayetumwa kusema kwa niaba yake. Wa nne ni Yuda Iskariote katika Mathayo 27:4. Yuda anajuta, anarudisha fedha, anakiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Kwa kipimo cha majuto, Yuda amewapita Farao na Sauli kwa mbali. Lakini anayaambia hayo makuhani wakuu na wazee, nao wanamjibu kwamba shauri hilo ni lake, haliwahusu. Ungamo la kweli limefikishwa kwa watu wasio na nia ya kulipokea, na mwenye kuungama anabaki peke yake na ukweli wake.

Mfuatano huu unatuonya tusipime toba kwa wingi wa hisia. Tofauti baina ya Daudi na Yuda haiko katika kina cha majuto, wala katika ukubwa wa kosa, kwani Daudi naye ana damu mikononi. Tofauti iko katika swali la kifasihi kabisa: nani anasemeshwa, na baada ya tamko la kukosa kunafuata nini?

Sarufi ya nafsi

Hapa Kiswahili kinatupa nyenzo ambayo lugha nyingi hazina. Mtu anaposema nimekosa, kiambishi ni- kiko mwanzoni mwa kitenzi kama kiima. Msemaji ndiye mtenda, na tendo ni lake. Anaposema nisamehe, kiambishi kilekile kiko mahali palepale mwanzoni mwa neno, lakini sasa ni yambwa. Msemaji ametendwa, na mtenda ni yule anayesemeshwa. Sauti haikubadilika. Nafsi ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi yake katika tendo. Tungeweza kusema kwamba sala yote ya toba ni safari ya silabi hii moja, kutoka kwenye kiti cha mtenda hadi kwenye kiti cha mtendwa.

Inafaa pia kukumbuka upana wa kitenzi kukosa. Kwa Kiswahili mtu hukosa adabu, hukosa chakula, na mshale wake hukosa shabaha. Kutenda vibaya, kupungukiwa na kutofikia lengo vimekaa katika neno moja. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa hivyo nacho kimetumika katika Waamuzi 20:16 kwa watupaji wa kombeo ambao jiwe lao halikukosa hata unywele. Anayesema nimekosa anataja tendo lake, na papo hapo anataja upungufu wake. Tamko hilo lina hatia ndani yake, na lina uhitaji pia.

Tukichukua nyenzo hii na kuusoma mfano wa Farisayo na mtoza ushuru (Luka 18:9-14), muundo wake unajidhihirisha. Sala ya Farisayo imejaa vitenzi vya nafsi ya kwanza: anashukuru, hayuko kama wengine, anafunga, anatoa zaka, anapata mapato. Mungu anatajwa mwanzoni kisha hapewi kazi yoyote ya kufanya. Farisayo haombi kitu. Kisarufi, sala yake haina nafasi ambamo Mungu angeweza kuingia kama mtenda. Sala ya mtoza ushuru, kwa upande mwingine, ni maneno sita tu ya Kiyunani yenye kitenzi kimoja, na kitenzi hicho ni cha Mungu. Msemaji anajitokeza kama mtendwa tu, akiwa amejipa jina moja, mwenye dhambi.

Wasomaji wengi wamemwona mtoza ushuru kuwa kielelezo cha unyenyekevu, na ndivyo alivyo. Lakini je, si yeye pia aliye jasiri katika mfano huo? Mwili wake umechutama, kwa maana ya methali yetu: anasimama mbali, hainui macho, anajipiga kifua. Ulimi wake haukuchutama. Anamsemesha Mungu moja kwa moja, anasema jambo ambalo Farisayo hakuweza kulisema, na anadai rehema kwa kitenzi cha kuamrisha. Farisayo hana parrhesia, kwa sababu hakusema yote. Alisema yale yanayompendeza. Kinaya cha mfano huu ni kwamba aliyesimama mbali ndiye aliyekaribia.

Zaburi ya 51 inaonyesha jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya kujiwa na Nathani. Wapo wataalamu wanaokiona kichwa hicho kuwa nyongeza ya baadaye, lakini suala la utunzi halibadilishi usomaji wetu wa muundo. Aya za mwanzo zimejaa vimilikishi, na vitu vinavyomilikiwa ni makosa, uovu na dhambi. Hiyo ndiyo mali pekee ambayo msemaji anaidai kuwa yake. Vitenzi vya kuokoa ni vya msemezwa, navyo vinakuja kwa msururu wa amri: kurehemu, kufuta, kuosha, kutakasa, kuumba, kufanya upya, kutotupa, kurudisha. Ni mtumwa gani anayemwamuru bwana wake hivi? Wale wanaoiona toba kuwa usemi wa unyonge hawajazisoma amri hizi. Msemaji hana hoja yoyote inayotokana na sifa zake, na kwa sababu hiyo hiyo hana anachokilinda. Anaweza kusema yote na kuomba yote.

Hotuba iliyokatizwa

Mfano wa mwana mpotevu (Luka 15:11-32) unatupa kitu ambacho matini nyingine hazina, yaani sala katika hatua ya kutungwa na sala katika hatua ya kutamkwa. Akiwa kwa nguruwe, kijana anaitunga hotuba yake. Ina sehemu tatu: amekosa, hastahili tena kuitwa mwana, afanywe kama mmoja wa vibarua. Sehemu ya tatu ni ya kiakili sana. Kijana ametafuta cheo kinacholingana na rekodi yake. Mwana hawezi kuwa, kibarua anaweza. Ameukadiria msamaha kabla ya kuupokea.

Anapofika kwa baba, sehemu ya kwanza na ya pili zinatamkwa. Ya tatu haitamkwi. Baba anaingilia kati na kuwaamuru watumwa walete vazi, pete na viatu. Katika tafsiri tulizozizoea, ombi la ukibarua linapotelea hewani. La kuvutia ni kwamba baadhi ya nakala za kale za mkono zinalirudisha ombi hilo katika aya ya 21, na wahariri wengi wa leo huliona kuwa ni nyongeza iliyochotwa kutoka aya ya 19. Bila shaka mnakili alidhani anasahihisha upungufu. Lakini sisi tunaweza kumwona kama msomaji wa kwanza aliyeshindwa kuvumilia. Alitaka kijana amalize hotuba yake. Alitaka adhabu ndogo ibaki, hata kama ni kwa maneno tu. Wengi wetu tuna mnakili huyo ndani yetu.

Ni muhimu kuona ni kipi kilichokatizwa na kipi kilichoachwa. Baba hakukatiza ungamo. Hakusema kwamba hakuna lililotokea. Aliliacha tamko la kukosa lisikike kikamilifu, na hata tamko la kutostahili. Alichokikata ni mapatano. Hapa ndipo wanapokosea wale wanaofundisha kwamba mwamini asiyataje yaliyopita: matini inayataja, tena kwa sauti. Kisichotakiwa ni mkosaji kujitungia cheo. Kuna kiburi kilichofichika katika kujihukumu kupita kiasi, kiburi cha mtu anayeamini kwamba hukumu yake juu ya nafsi yake ni ya mwisho. Waraka wa Kwanza wa Yohana 3:20 unaligusa jambo hili unaposema kwamba, ikiwa moyo wetu unatuhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo huo na anajua yote. Aya inayofuata ndiyo inayotaja ujasiri. Yule anayejua yote ndiye anayeweza kuambiwa yote.

Ungamo mbele za watu

Afrika Mashariki ina historia yake ya ungamo la hadharani. Uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, kisha ukaenea Kenya na Tanganyika, uliufanya ushuhuda kuwa utanzu simulizi unaotambulika. Ushuhuda una muundo wa sehemu tatu: maisha ya zamani, siku ya kugeuka, na maisha mapya. Utanzu huu uliwapa sauti watu ambao hawakuwa na jukwaa jingine, wakiwamo wanawake na vijana. Hata hivyo, una hatari yake ya kifasihi. Maisha ya zamani yanaweza kugeuka kuwa mtaji. Msimulizi anayeorodhesha ulevi wake kwa ufundi hana tofauti kubwa na Farisayo anayeorodhesha funga zake. Ni- wa kiima amerudi kitini. Hata neno kuu la utanzu huu linastahili kutazamwa upya. Tunasema nimeokoka, kwa kauli ya kutendeka, ambayo haina nafasi ya kumtaja mtenda, na ni mara chache tunasema nimeokolewa. Simaanishi kwamba wasemaji wamemsahau aliyewaokoa. Nasema kwamba sarufi ya ushuhuda inamruhusu msikilizaji amsahau.

Katika riwaya, mfano mzito zaidi wa ungamo la hadharani katika fasihi ya Kenya ni ule wa Mugo katika A Grain of Wheat (1967) ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Wanakijiji wa Thabai wanamwona Mugo kuwa shujaa wa kizuizini na wanamtaka ahutubu katika sherehe za Uhuru za Desemba 1963, hali yeye ndiye aliyemsaliti Kihika akanyongwa. Baada ya kumfunulia siri Mumbi, dada yake Kihika, anasimama mbele ya umati na kujitaja kuwa ndiye yule Yuda wanayemtafuta. Hili ni tendo la ujasiri mkubwa. Hakulazimishwa, lawama ilikuwa tayari inaelekezwa kwa Karanja. Mugo amesema yote, na kwa maana ya neno la Kiyunani ana parrhesia kamili.

Lakini Mugo hasemi nisamehe. Jina la Yuda alilojipa lina maana zaidi ya usaliti. Kama Yuda wa Mathayo, ameufikisha ukweli wake kwa watu, na hakuna anayeupokea kwa namna nyingine isipokuwa hukumu. Umati unakaa kimya. Baadaye wapiganaji wa zamani wanakuja kumchukua. Ngũgĩ hajaandika kisa hiki ili kuisifu dini, na mhakiki asimlazimishe kufanya hivyo. Riwaya yake inaonyesha kwamba karibu kila mtu katika Thabai ana usaliti wake, mkubwa au mdogo, na kwamba palipo na uvumilivu, kama baina ya Gikonyo na Mumbi, upatanisho wa kibinadamu unaweza kuanza. Hata hivyo, kisa cha Mugo kinatusaidia kuona kwa uwazi kile ambacho sala ya toba inakiongeza juu ya ungamo. Ungamo humweka mtu huru na uongo. Sala humtafutia mtu huyo mahali pa kukaa baada ya uongo kuisha.

Pingamizi la Uria

Liko pingamizi ambalo hatuwezi kuliepuka. Katika Zaburi ya 51 msemaji anamwambia Mungu kwamba amemkosea yeye peke yake. Je, Uria yuko wapi? Mume aliyeuawa vitani kwa hila, na Bathsheba aliyeitwa na mfalme bila kuulizwa, wametoweka katika sala. Ikiwa ujasiri mbele za Mungu unamruhusu mkosaji kuwaruka aliowaumiza, basi sala ni mlango wa nyuma wa kutorokea. Katika nchi zetu, ambamo wenye mamlaka wamezoea kupiga magoti kanisani mbele ya kamera huku waliodhulumiwa wakiwa nje, pingamizi hili si la kinadharia.

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, zaburi haikusudiwi kusomwa peke yake. Masimulizi ya 2 Samweli hayamruhusu Daudi kumsahau Uria. Msamaha unatamkwa na papo hapo matokeo yanatangazwa, na nyumba ya mfalme inasambaratika sura baada ya sura. Karne nyingi baadaye, nasaba ya Mathayo 1:6 inapofika kwa Sulemani, haimtaji mama yake kwa jina. Inamwita aliyekuwa mke wa Uria. Huyo aliyeuawa anaingizwa katika nasaba ya Kristo mwenyewe, na wasomaji wanamkumbuka kila Noeli. Kusamehewa, kwa mujibu wa matini hizi, hakufuti kumbukumbu. Pili, mapokeo hayohayo yanamwamuru mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake (Mathayo 5:23-24), na yanamsifu Zakayo anayerudisha mara nne alichonyang'anya (Luka 19:8). Ujasiri wa kumwambia Mungu yote ukiwa wa kweli, haumpi mtu nafasi ya kumnyima jirani ukweli huo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ujasiri wa mkosaji katika sala si hali ya moyo inayopatikana baada ya kosa kusahauliwa. Ni namna ya kusema. Msemaji anayaweka yote wazi, anamsemesha yule anayehusika, na anahama kutoka nafasi ya mtenda hadi nafasi ya mtendwa bila kuacha kuwa nafsi ileile. Kwa hiyo wahakiki wanaoiona toba kuwa ni utumwa wamezipuuza amri zilizomo ndani yake, na wahubiri wanaotaka yaliyopita yasitajwe wamepuuza kwamba kutajwa kwake ndiko ujasiri wenyewe. Anayengoja ajisikie safi ndipo aombe atangoja sana, na matini hizi hazimtaki angoje.

Limebaki jambo moja la kisarufi. Neno nisamehe, likitengwa na muktadha wake, lina maana mbili. Kwa kuwa kitenzi samehe hakibadilishi irabu yake ya mwisho, umbo hilo linaweza kuwa ombi kwamba mimi nisamehewe, na linaweza pia kuwa swali au azma ya kwamba mimi nisamehe wengine. Muktadha hututenganishia maana hizo, lakini lugha imeziweka ndani ya umbo moja, kama vile sala aliyoifundisha Yesu (Mathayo 6:12) inavyoziweka katika sentensi moja. Huenda hili ni tukio la kifonolojia tu. Lakini mkosaji aliyesimama mbali na kulitamka neno hilo kwa ujasiri hana budi siku moja kulisikia likimrudia, kinywani mwa mtu aliyemkosea yeye, likingoja jibu.